Vidole Kumi vya Ernesta

Siku mwenyekiti Bazilio alipoleta barua, Ernesta alikuwa shambani anapalilia maharage. Alisimama, akajifuta udongo kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, halafu akamrudishia aisome yeye, maana miwani yake ilikuwa imevunjika kioo kimoja tangu Pasaka.

"Unaitwa Kibondo, mama Loyce," Bazilio akasema. "Ofisi ya uhamiaji. Jumatano saa tatu asubuhi."

"Uhamiaji? Mimi nimehamia wapi?"

"Ndivyo walivyoandika. Mimi ni wa kuleta tu."

Ernesta akaikunja ile barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kupalilia. Alimaliza mistari yote aliyokuwa amejipangia siku ile. Hakuruka hata mmoja.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mtu wa maneno machache. Pale Nyamigere, kijiji cha mteremkoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi, hakuna aliyekumbuka kumwona akikimbia au akipaza sauti. Mumewe, Didas, alikwenda Geita kutafuta dhahabu akapotelea huko. Mtoto wao mmoja, Loyce, aliolewa Kasulu, anauza dagaa sokoni. Ernesta alibaki na shamba la marehemu baba yake, migomba, mihogo, kahawa kidogo na mbuzi wawili.

Kitu kimoja tu hakikuwa kimekaa sawa, namba ya kitambulisho cha taifa. Kijiji kizima walipigwa picha siku moja pale shuleni, wenzake wakapata namba, yake haikuja. Miaka sita alikuwa akiuliza, na kila akiuliza anaambiwa bado inashughulikiwa. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la Loyce. Mbolea ya ruzuku jirani ndiye aliyemchukulia. Akazoea.

Jumatano akafika Kibondo mapema, akakaa kwenye benchi mpaka akaitwa. Afisa aliyempokea alikuwa dada mmoja wa Tarime anaitwa Ghati, sare yake imepigwa pasi ikanyooka kama ubao. Hakuwa mkali. Alimwambia aweke vidole juu ya kioo cha mashine, vinne vya kulia, vinne vya kushoto, halafu madole gumba. Mashine ikalia. Ghati akageuza kompyuta ili na yeye aone.

"Mama, huyu ni nani?"

Palikuwa na picha ya mwanamke aliyekonda, kitambaa cha kijani kichwani, anatazama pembeni kidogo.

"Ni mimi."

"Nikusomee basi. Nahimana Ernesta. Mzaliwa wa Gisuru, Burundi. Mkimbizi. Aliingia nchini Oktoba, mwaka elfu mbili na kumi na sita."

"Gisuru sijawahi kufika, afande."

"Vidole vyako vilifika."

Halafu Ghati akamweleza taratibu, kama mtu wa dirisha la dawa anavyomweleza mgonjwa. Kambi inafungwa. Imeshasemwa kwamba kwao kuna amani, na kila aliyemo kwenye orodha atapangiwa basi la kurudi. Anayetaka kubaki anahojiwa, anatoa sababu zake. Aliyemo kwenye orodha lakini kambini haonekani, huyo ni mtoro, na mtoro akikutwa kijijini anachukuliwa kama wenzake.

"Na wewe umo," Ghati akasema. "Nikutoe kwa lipi?"

"Mimi ni Muha. Nimezaliwa Nyamigere."

"Mama, mimi ni Mkurya. Muha na Mrundi mkianza kuongea, mimi nasikia kitu kimoja. Niletee ushahidi. Nakupa wiki tatu."

"Nisipopata?"

"Utapangiwa basi."

Ernesta akashukuru, akatoka. Nje alinunua chumvi, kwa sababu ya nyumbani ilikuwa imekwisha.

Vidole vyake kufika Gisuru ni habari ndefu, na inaanza kabla hata yeye hajazaliwa.

Mwaka wa sabini na mbili Warundi walivuka mpaka kwa maelfu. Baba yake Ernesta aliamka akamkuta kijana amelala katikati ya migomba yake, miguu imevimba, anaitwa Niyibizi. Akampa chakula. Kesho yake akampa jembe. Wiki ya pili akamkatia kipande cha kulima. Balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari la shule, akaandika jina la mgeni, akala ndizi za kuchoma, akaenda zake. Uhamiaji wote wa Niyibizi ulikuwa huo. Pori lilikuwa kubwa, wakulima wachache, mtu akija na mikono miwili anakaribishwa.

Yakapita mavuno mawili, yakaja malori. Serikali iliwachukua Warundi ikawapeleka makazi mapya huko Ulyankulu, Tabora, kila familia inapimiwa ekari zake. Niyibizi akapanda lori na jembe la baba yake Ernesta begani, hakuna aliyemdai. Ernesta wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Wimbi la pili lilikuja mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Ernesta alikuwa na miaka ishirini, amejifungua Loyce siku kumi tu, titi la kushoto lina jipu, la kulia limekauka kwa homa. Mtoto analia mpaka sauti inakatika. Njiani wakapita watu wenye mizigo vichwani, na kati yao mwanamke wa rika lake, kanga yake imelowa kifuani. Mtoto wake alikuwa amemzika ng'ambo siku nne nyuma. Mama yake Ernesta hakuuliza jina. Alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye mkeka, akampakata Loyce. Jina lake walilijua baadaye, Loyce akiwa amelala ameshiba. Niyubahwe.

Alimnyonyesha Loyce miezi saba. Alikaa nyumba ile miaka minne, analima, anapika, anagombana na Ernesta juu ya kuni mbichi. Mama yake Ernesta akiulizwa ana watoto wangapi wa kike anasema wawili. Kwake hilo halikuwa jambo la kujadili.

Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji, kuni zimekwisha, watu wananong'ona juu ya bunduki porini. Mwaka wa tisini na saba wanajeshi walipita kijiji kwa kijiji wakiwakusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi na raia. Niyubahwe alichukuliwa mchana, unga uko juani unaanikwa. Akapelekwa kambini. Mwanzoni walikuwa wakionana sokoni. Kisha wakimbizi wakaambiwa mwisho wao ni kilomita nne. Baadaye hata hizo zikawa kwa kibali. Miaka ikaenda, kambi ile nayo ikafungwa, Niyubahwe akarudishwa kwao.

Wale wa sabini na mbili, wao waliangukia upande mwingine. Waliambiwa anayetaka uraia aombe, nao wakaomba. Niyibizi akapata cheti. Alirudi Nyamigere mzee, mke wake amemwacha kaburini Ulyankulu, akanunua shamba jirani na Ernesta. Cheti alikitia kwenye plastiki, akakitundika ukutani.

Niyubahwe alirejea mwaka elfu mbili na kumi na tano. Ndugu wa mumewe walikuwa wamechukua shamba lake na kumwonyesha panga. Safari hii hakupitia Nyamigere, watu walikuwa wakipokelewa mpakani na kupelekwa moja kwa moja kwenye kambi iliyofunguliwa upya. Lakini alituma salamu, na Ernesta akaenda na mkungu wa ndizi.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa, na mihogo ikashikwa na ugonjwa. Ukiing'oa, ndani ni kahawia, imeoza, hata mbuzi hali. Didas alikuwa ameshapotea. Ernesta alikuwa akila mara moja kwa siku, baadaye akawa anaruka siku. Alipokwenda kambini kumwona mwenzake, Niyubahwe alimtazama mikono.

"Mama Loyce, utakufa."

"Nani asiyekufa?"

"Acha ujinga. Njoo uandikishwe. Nitasema wewe ni dada yangu mkubwa, umechelewa njiani."

"Mimi mkubwa? Wewe umenipita miezi minne!"

"Ulivyochakaa hivyo, nani atabisha?"

Wakacheka, ndiyo mara ya mwisho Ernesta kucheka mwaka ule. Niyubahwe akamfundisha jina la mlima wake, maana kule mtu hutajwa kwa mlima anaotoka, jina la chifu wa mlima, kisima kiko upande gani wa kanisa. Hayo yote hayakuhitajika. Siku zile Mrundi akifika anapokelewa hapo hapo, haulizwi sana, wanaandika na kupokea anayefuata. Ernesta akasema jina, akasema Gisuru, akaweka vidole kumi kwenye kioo, akatazama kwenye mashine ya macho. Akapewa blanketi, sufuria na kadi ya mgao.

Miezi mitatu baadaye mlango ule ulifungwa. Kila aliyefika akawa anahojiwa peke yake, neno kwa neno, na wengi wakarudishwa. Ernesta angechelewa kidogo wangemkataa, na leo angekuwa na namba yake.

Alikula mgao ule mwaka mmoja na nusu. Unga, njegere za njano, mafuta, chumvi. Siku ya mgao anaondoka alfajiri, anapita kwenye nyasi, anarudi jioni. Hakujiona mwizi, wala hakujiona mkimbizi. Alijiona amekula. Mihogo mipya ilipokomaa, na kutoka na kuingia kambini kulipokuwa kwa shida, akaacha kwenda. Akadhani mambo yameishia pale.

Baada ya kutoka Kibondo na barua yake, mtu wa kwanza kumweleza alikuwa Mzee Niyibizi. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

"Mimi Mrundi nimekuwa Mtanzania. Wewe mtoto wa mwenye shamba umekuwa Mrundi! Binti, tubadilishane nyumba?"

"Usinicheke, mzee."

"Sikucheki. Nacheka tu." Akafuta macho. "Nenda Kasulu. Ulibatizwa kule kwao mama yako, mimi nilikuwepo. Nilibeba kuku. Kitabu kitakuwepo."

Ernesta akapanda basi la Kasulu. Siku hizi ni lami tupu, hufiki umechoka. Loyce alimpokea stendi na bodaboda mbili, moja ya kuwabeba wao, moja ya furushi la ndizi. Parokiani katekista alivuta kitabu kikubwa chenye jalada lililoliwa na mende, akafungua mwaka wa sabini na tatu, akashuka na kidole mpaka akafika. Ernesta, binti wa fulani na fulani, tarehe, padri aliyebatiza. Ilikuwepo kweli. Loyce akapiga kigelegele kidogo, katekista akamwangalia, akanyamaza. Wakapewa nakala ya ukurasa mzima, imepigwa muhuri.

Ghati aliisoma nakala ile kwa muda mrefu. Akachukua kalamu, akaanza kuweka nukta pembeni ya majina.

"Huyu, Mrundi. Huyu, Mrundi. Huyu na huyu. Mama, ukurasa huu una watoto ishirini na wawili, kumi na tisa ni wa wakimbizi. Mwaka ule mapadri walibatiza kila aliyeletwa. Hapa pameandikwa umebatizwa. Hapajaandikwa wewe ni wa wapi."

"Mwenyekiti wangu ananijua."

"Bazilio ameandika barua, ninayo. Anathibitisha kukujua tangu utoto wake, na utoto wake ni wa juzi. Mzee Niyibizi naye anakujua, lakini yeye mwenyewe alitoka kule kule. Nikimweka yeye tu, mkubwa wangu atanicheka."

Akaweka kalamu chini.

"Kwenye faili mmeandikwa familia moja. Kichwa cha familia ni Niyubahwe. Yeye ndiye aliyesema wewe ni ndugu yake. Aje aseme sivyo. Hapo nakufuta leo leo. Nikimwita mimi ataogopa, atashikilia yale yale. Mwombe aje mwenyewe, nitampa kibali cha kutoka."

Ernesta alikuwa anajua jambo ambalo Ghati alikuwa analijua pia, ila hakuna aliyelitaja. Niyubahwe alikuwa ameomba abaki. Mahojiano yake yalikuwa mwezi unaofuata. Alikuwa na sababu, lile shamba, lile panga, na sababu yenyewe haikuwa na karatasi, ilikuwa na mdomo wake tu. Mtu aliyekiri kwamba alidanganya mwaka ule, mwaka huu ataaminiwa kwa nini?

Alikaa siku tano bila kwenda. Alipukuchua, alichota maji, alifunga mbuzi, alifungua mbuzi. Bazilio alipita mara mbili kumwambia siku zinakwisha. Siku ya sita Loyce alipiga simu, akasema, "Mama, wakikuchukua nitakutafutia wapi?" Ernesta akasema atakwenda kesho. Akaenda.

Alimkuta Niyubahwe kwenye bonde la mpakani mwa kambi, anakata nyasi za kuezekea. Kibanda chake kilikuwa kinavuja, na alikuwa anakiezeka upya, wakati wenzake wanauza mabati na milango.

"Mukuru wanje!" Niyubahwe akaita. Dada yangu mkubwa. Tangu siku ile ya kuandikishwa alikuwa hamwiti jina lingine. "Umekuja na sura ya msibani."

"Vidole vimenishika."

"Sha! Si ungevaa soksi mikononi."

Ernesta hakucheka. Akakaa chini, akaeleza yote, barua, picha, Ghati, kitabu cha ubatizo. Niyubahwe aliendelea kukata nyasi, anazipanga upande mmoja.

"Kwa hiyo wanataka niseme nini hasa?"

"Kwamba mimi si ndugu yako."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Na ulikuwa unazunguka siku zote hizi kwa hilo?"

"Una mahojiano, Niyubahwe."

"Najua nina mahojiano. Nilianza kuhojiwa wewe bado unanyonya kidole." Akafunga mzigo wa nyasi kwa kamba ya mgomba, akakaza kwa goti. "Wewe una shamba hapa. Mimi nina kibanda kinachovuja. Wakipandisha watu wawili ndani ya basi badala ya mmoja, mimi nimepata faida gani? Jumatatu nitakuja. Kwenye furushi kuna nini?"

"Ndizi."

"Toa basi. Au na ndizi nazo mpaka muhuri?"

Walikula wamekaa juu ya nyasi zilizokatwa, mpaka mlinzi wa kambi akapiga filimbi.

Jumatatu Loyce alitoka Kasulu na basi la kwanza. Wakakaa benchi moja, Ernesta na binti yake. Gari la kambi likafika, Niyubahwe akashuka amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kuazima. Aliwapita bila kuwasalimu. Loyce alikuwa ameshainuka, mikono imenyooka kumpokea. Akaishusha, akakaa.

Ndani walikaa wote wanne, Loyce nyuma karibu na mlango. Ghati akafungua faili.

"Mama Niyubahwe, mwaka elfu mbili na kumi na sita ulisema huyu ni dada yako, baba mmoja mama mmoja. Ni kweli?"

"Si kweli, afande. Huyu si ndugu yangu."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Alikuwa na njaa. Familia ikiwa kubwa, mgao unakuwa mkubwa. Nilidanganya."

"Mlijuana lini?"

Ernesta alikuwa tayari anafungua mdomo kusema. Mwaka wa tisini na tatu, kwetu, mtoto ana siku kumi. Niyubahwe akamtangulia.

"Siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo sijawahi kumwona."

Kalamu ya Ghati ikasimama. "Hujawahi kumwona kabisa?"

"Kabisa. Nilimkuta nje ya uzio, mwanamke wa kijijini, Mtanzania, anaombaomba. Hata jina la kwao nilimpa mimi. Mtu wa Gisuru gani hajui Gisuru?"

Hilo hawakuwa wamelipanga. Ernesta alichelewa kuelewa, kisha akaelewa. Niyubahwe alikuwa amekaa mbele ya meza za namna ile mara nyingi, za nchi mbili, za mashirika na za serikali, akajua kila jibu linafungua swali gani. Ukisema tisini na tatu, anauliza mlikuwa wapi. Ukisema nyumba moja, anauliza wanajeshi walipokuja nani alibaki na nani alichukuliwa, na nani anajua kati yenu yupi ni mwenyeji. Alikuwa anafunga milango, mmoja mmoja, na yeye akiwa upande wa nje.

Ghati akamgeukia Ernesta. "Mama, ni kweli? Hamkujuana kabla ya siku ile?"

Feni ilikuwa imeharibika, imesimama. Ernesta hakugeuka nyuma, lakini alisikia pumzi ya Loyce.

"Ni kweli," akasema.

"Hakuna undugu wowote?"

"Hakuna."

Hakusikia chochote ndani yake. Alikuwa amejiandaa kusikia kitu, kama mtu anayesubiri sindano, na sindano ikapita.

Ghati akaandika ukurasa mmoja na nusu, akawasomea, akaleta kidau cha wino. Niyubahwe akaweka dole gumba kwanza, kisha Ernesta, moja chini ya jingine. Palikuwa na kitambaa kimoja cha kujifutia. Niyubahwe alijifuta polepole, akakiweka mezani, si mkononi mwa Ernesta. Akainuka. Pale mlangoni alipita karibu na Loyce mpaka gauni likamgusa goti, hakusimama. Gari la kambi likawashwa.

"Mama," Loyce akasema walipofika barabarani, "sisi ni watu gani?"

"Watu wa kuwahi basi," Ernesta akajibu. "Lako la saa saba litakuacha."

Namba ikaja kwa ujumbe wa simu baada ya siku kumi na moja. Bazilio akampigia makofi. Mzee Niyibizi akaomba aonyeshwe, akaisoma tarakimu kwa tarakimu, akasema ni ndefu kuliko ya kwake.

Mahojiano ya Niyubahwe yalifanyika kama yalivyopangwa. Ernesta alisikia kwa mwanamke mwingine wa kambini aliyekuja kuuza sufuria. Walimsikiliza habari ya shamba na panga mpaka akamaliza, wakafungua ukurasa mwingine, wakamsomea maneno yake mwenyewe na dole gumba lake chini yake. Hakubisha. Aliuliza basi ni lini. Nyasi mpya za kibanda chake ziliuzwa na jirani.

Ernesta hakwenda kumwona. Kuingia kambini kulikuwa kumekatazwa, na hata kama kusingekatazwa, alikuwa amesema mbele ya serikali kwamba hamjui. Alituma mkungu wa ndizi kwa mtu. Hakuletewa jibu, na hakujua kama ulifika.

Kadi zenyewe zilikuja baadaye kidogo, watu wakaitwa wazifuate Kibondo. Foleni ilikuwa ndefu, inatoka mlango wa ofisi, inazunguka ukuta, inafika karibu na barabara. Ernesta alikuwa amefika alfajiri na bado palikuwa na watu sitini mbele yake. Mnamo saa nne mabasi yakaanza kupita, moja, mawili, manne, yanatoka upande wa kambi yanaelekea mpakani, magodoro na baiskeli vimefungwa juu, mikono inapungwa madirishani. Watu wakatoka kwenye foleni wakakimbilia barabarani kutazama. Wengine walikuwa wanaita majina. Wengine wanapiga picha kwa simu.

Kutoka pale alipokuwa aliweza kuona paa za mabasi tu, juu ya ukuta.

"Mama," kijana wa nyuma yake akamwuliza, "unatoka ukaone? Nikushikie nafasi?"

"Sitoki," Ernesta akasema.

Mbele yake watu watano walikuwa wameondoka. Akasogea hatua tano.